Mvumo Kwenye Kaseti ya Generoza

Asubuhi ile Konsesa alipika maharage mara mbili. Ya kwanza yaliungua. Hiyo haikuwa kawaida yake. Pale Makere, mtu akitaka kujua maharage yanavyopikwa huelekezwa kwa Konsesa, mke wa Nestori. Lakini siku hiyo mikono ilikuwa jikoni, moyo ulikuwa kanisani.

"Mama, leo utatulisha makaa," binti yake Generoza akamtania.

"Nyamaza wewe, usichoshe koo!" Konsesa akamjibu. "Kunywa maji ya moto. Usiongee. Na usicheke."

Generoza akacheka.

Ilikuwa Alhamisi, na siku hiyo kwaya ya kigango chao ilikuwa irekodi kaseti yake ya kwanza. Nestori ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Generoza ndiye aliyeanzisha nyimbo. Keshokutwa yake, Jumamosi, Generoza angeolewa na kuhamia Nyabibuye, kule Kibondo karibu na mpaka wa Burundi. Kwa lori ni safari ya siku nzima. Mvua ikinyesha, hesabu siku mbili na kusukuma juu.

Kwa hiyo Konsesa alikuwa na hamu moja tu. Mwanawe aende kwake kwa heri, lakini sauti yake ibaki nyumbani. Na ilikuwa leo au basi, maana Dadi, mwenye mashine ya kurekodi, alikuwa anarudi Kasulu mjini Ijumaa alfajiri.

Konsesa alipofika kanisani alimkuta mumewe ameshika nyundo. Alikuwa anapigilia nondo ardhini, jasho linamtiririka.

"Nyingine tena?" Konsesa akauliza.

"Ego, ndiyo. Hii ya miksa. Ile kule ya deki. Na ya jenereta iko nyuma. Kila chombo na nondo yake. Unataka yatupate ya Kagerankanda?"

Huko Kagerankanda, mwaka juzi, radi ilikuwa imeua mbuzi sita kwa pigo moja. Tangu siku ile watu wa Makere walifundishana kwamba kila chombo cha umeme lazima kiwe na nondo yake peke yake. Mashine ya kusaga ilikuwa na nondo mbili. Mzee mmoja aliimwagilia nondo ya redio yake maji ya chumvi kila asubuhi, kama mche wa kahawa. Radi wenyewe waliiita inkuba, na walilitamka jina hilo kwa sauti ya chini.

Mitambo ilipangwa hivi. Jenereta, iliyoazimwa kwa mwenye duka Isihaka, ilikuwa nyuma ya kanisa. Laini moja ya umeme ilikwenda mbele ya altare, kwenye miksa ya kigango. Miksa ni mashine inayokusanya sauti kutoka kwenye vipaza sauti vyote. Laini ya pili ilikwenda chumba cha pembeni, kwenye deki, mashine inayorekodi kaseti. Kati ya miksa na deki kulikuwa na waya mmoja mwembamba, mrefu, wa kupitisha sauti.

Kwaya ikapanga mistari. Nestori akainua mkono. Generoza akaanzisha, wenzake wakapokea, na Konsesa, aliyekaa benchi la mbele, akasikia mwili unamsisimka. Wimbo ulipokwisha wote wakamkimbilia Dadi.

"Tusikie! Tusikie!"

Dadi akarudisha kaseti, akabonyeza.

*Nguuuuuuuu*, ikasema deki.

Ndani ya mvumo ule, mbali kabisa, mtu alikuwa anaimba. Ni kama kwaya nzima ilikuwa imefungiwa ndani ya mzinga wa nyuki.

"Huyo ni mwanangu?" Konsesa akauliza.

"Ni jenereta hiyo," akasema Dadi. Wakaisogeza jenereta hadi kwenye migomba. *Nguuuu*. Wakabadilisha waya wa sauti. *Nguuuu*. Jua lilikuwa limepita utosini. Dadi akakuna kichwa, kisha akapiga makofi.

"Ninayo dawa! Kule mjini tunafanya hivi." Akaufungua waya wa ethi wa miksa, ule uliokwenda kwenye nondo, akautupa pembeni.

Mvumo ukakoma palepale. Vigelegele! Hata Nestori, mtu mgumu wa kucheka, alicheka. Konsesa alipiga vigelegele kuliko wote, maana kwa vigelegele hakuwa na mpinzani katika kata nzima.

"Haraka, kabla haujarudi!" Dadi akasema. Akatoka mbio kuelekea kwenye deki yake. Mguu ukanasa kwenye waya ule mwembamba wa sauti, waya ukachomoka kwenye miksa. Wakati huohuo Generoza alikuwa amesimama peku kwenye sakafu ya udongo. Akakisogelea kipaza sauti. Midomo yake ikakigusa.

"Aah!"

Akarushwa nyuma, mikono mdomoni.

"Zima! Zimeni mashine!" Konsesa alikuwa ameshafika kabla benchi lake halijaanguka chini. Jenereta ikazimwa. Generoza alikuwa mzima, lakini midomo ilikuwa inamtetemeka na machozi yanamtoka.

"Imeniuma mama. Imeniuma kama siafu mia."

Konsesa akamkumbatia. Akawageukia wanaume wale wawili, na hakuna aliyethubutu kumwangalia machoni.

"Kaseti basi," akasema. "Nilitaka sauti ya mwanangu. Sikuitaka kwa bei ya mwanangu. Kusanyeni vitu vyenu."

Nestori akaiweka nyundo chini. Isihaka, aliyekuwa amekuja kuiangalia jenereta yake, akakohoa kidogo.

"Mama Generoza, subiri kidogo. Mpwa wangu Mwanaamina yuko dukani, amekuja kunitembelea. Kwa baba yake, kule Kasulu, yeye ndiye anayetengeneza redio. Baba siku hizi anauza betri tu. Nimwite?"

Konsesa akamtazama Dadi. Dadi akatazama viatu vyake.

"Mwite, mzee," Dadi akasema. "Mimi nimefika mwisho."

Mwanaamina akaja na kanga mabegani na testa ya kupimia umeme mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu. Pole dada." Kisha akauokota ule waya wa ethi uliotupwa. "Huu nani kautoa?"

"Mimi," Dadi akasema kwa sauti ndogo.

"Nitaurudisha kwanza. Na mtu asiguse kipaza sauti mpaka niseme."

Akaufunga waya, jenereta ikawashwa. Kabla ya kuuchomeka waya wa sauti, akasikiliza miksa peke yake kwa hedifoni. Safi, hakuna mvumo. Akaenda kwenye deki, akacheza kaseti nyingine. Safi. Kisha akaunganisha miksa na deki kwa ule waya mwembamba. *Nguuuuu!*

"Mmeona?" Macho yake yaling'aa, kama aliyepata alichokuwa anakitafuta siku nyingi. "Kila moja peke yake ni nzima. Zikishikana mikono zinavuma. Mashine hazina ugonjwa wa sauti. Ugonjwa uko kwenye hizi nondo zenu."

"Nondo?" Nestori akashtuka. "Nondo ndizo zinazotulinda!"

"Nondo moja inalinda, mwalimu. Sikiliza. Miksa hii inavujisha umeme kidogo kwenye bati lake. Kazi ya waya wa ethi ni kuuchukua umeme huo na kuupeleka salama. Lakini ninyi mmeupa njia mbili. Njia ya kwanza ni nondo ya hapa. Njia ya pili ni kupitia waya wa sauti, mpaka kwenye deki, mpaka nondo ya kule. Halafu njia hizo mbili zinakutana ardhini, zinakuwa mzunguko mmoja mkubwa. Umeme unazunguka humo. Ukipita kwenye waya wa sauti, deki haijui kwamba huyu ni mgeni. Inamrekodi pamoja na kwaya."

Konsesa alikuwa anasikiliza kwa makini. Ghafla akapiga paja.

"Mawe, mama wee! Ni kama mfereji wetu wa bondeni! Ukifungua midomo miwili, maji yanapitia na shamba la jirani."

"Hivyohivyo mama! Umesema vizuri kuliko mimi."

"Lakini," Dadi akasema, "nilipotoa ethi mvumo ulikoma. Hilo wote walisikia."

"Ulikoma kwa sababu uliukata mzunguko. Ila uliukata mahali pa hatari. Umeme unaovuja ukabaki na njia moja tu, ule waya mwembamba wa sauti. Ulipochomoka, umeme ukabaki na njia gani?"

Dadi alikuwa ameshaelewa, na uso wake ulibadilika.

"Midomo ya mwanangu," Konsesa akasema.

"Ndiyo mama. Kwa hiyo shikeni hili, hata mkisahau mengine yote. Ethi haikatwi kuondoa mvumo. Kamwe."

Kazi ikaanza, na sasa kila mtu alitaka kushika kitu. Mwanaamina akaamuru jenereta izimwe na plagi zichomolewe. Akaifungua miksa. Ndani kulikuwa na vumbi lililolowana, kwa sababu bati la kanisa lilikuwa linavuja juu ya kabati ilimotunzwa. Akalipangusa kwa brashi na kitambaa kikavu, kisha wakaianika miksa juani saa nzima, Konsesa akiwafukuza kuku wasiikaribie.

Nestori alipewa kazi aliyoichukia: kuzing'oa nondo mbili alizozipigilia kwa mkono wake.

"Na inkuba ikija?" akauliza, akiivuta ya kwanza.

"Radi haizuiliwi na vinondo hivi, mwalimu, hata ukivipanda shamba zima. Ukisikia ngurumo, zima jenereta, chomoa plagi zote, waimbaji wakae mbali na vipaza sauti. Hiyo ndiyo kinga yenu."

Kisha deki ikatolewa chumbani, ikaletwa karibu na miksa. Mwanaamina akachukua ubao mmoja wenye soketi nne. Plagi ya miksa ikaingia hapo, na ya deki hapohapo. Ubao ule ulikuwa na waya mmoja wa ethi, nao ukaenda kwenye nondo moja tu, ile ya jenereta.

"Na mahali ambapo mashine lazima zikae mbalimbali?" Dadi akauliza. Alikuwa ametoa daftari.

"Laini zote zitoke kwenye ubao mmoja wenye ethi moja. Mvumo ukibaki, kuna kitransfoma kidogo cha kuweka katikati ya waya wa sauti. Sauti inapita, lakini zile ethi hazigusani. Kwa baba utakipata."

Jenereta ikanguruma. Mwanaamina akagusisha testa kwenye bati la miksa, kisha kwenye kipaza sauti. Taa ya testa haikuwaka.

"Tayari. Dada, unaweza kuimba."

Generoza hakusogea.

"Kwanza mimi," Konsesa akasema. Akavua kandambili, akasimama peku palepale alipokuwa amesimama mwanawe. Akaweka midomo kwenye kipaza sauti.

"Mimi ni Konsesa," akasema. "Leo nimeunguza maharage."

Kanisa zima likaangua kicheko. Generoza naye akacheka, akaja, akasimama kando ya mama yake. Dadi alikuwa amevaa hedifoni, na akanyoosha mikono juu kama aliyefunga goli.

"Hakuna mvumo! Mwalimu, hakuna kitu! Nasikia mpaka kuku wa nje!"

Nestori akapanga mistari upya, kisha akamnyooshea mkewe kidole. "Konsesa, tafadhali. Vigelegele mwishoni. Mwishoni kabisa."

"Nimesikia. Mimi mtoto?"

Wakaimba. Generoza akapandisha sauti ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, na ubeti wa tatu akaishikilia juu, akaishikilia, mpaka watu wakasahau kupumua. Konsesa alijifunga mdomo kwa mikono miwili. Haikusaidia kitu. Vigelegele vikamtoka kabla ya ubeti kwisha, virefu, vya nguvu zake zote.

Wimbo ulipoisha Nestori alikuwa ameshika kichwa.

"Konsesa! Sasa turudie tena!"

Wakati huohuo ngurumo ikasikika upande wa milima ya Burundi. Wote wakamtazama Mwanaamina, lakini Nestori mwenyewe ndiye aliyepaza sauti.

"Zima jenereta! Chomoa plagi! Kaa mbali na vipaza sauti!"

Mvua ikashuka mpaka usiku. Alfajiri Dadi akaondoka. Wimbo ule mmoja ukabaki ulivyo, na vigelegele vyake.

Jumamosi Generoza akaolewa. Alipopanda lori, Konsesa alimpa moja ya nakala mbili za kaseti alizoziacha Dadi, imefungwa kwenye kitambaa. Ile ya pili ikabaki nyumbani.

Mara nyingi Konsesa aliisikiliza akichambua maharage. Mwanzoni kulikuwa na kimya safi, kisha alimsikia mwanawe akivuta pumzi kabla ya kuanza. Pumzi ile aliipenda kuliko wimbo. Lakini ubeti wa tatu ulipofika alizima redio kwa aibu, maana Nestori hakuacha kumsema. "Kaseti nzuri hivi," alilalamika, "na mke wangu kaiharibu!" Akaapa kwamba Dadi akija tena, sehemu ile itafutwa.

Mvua zilipokatika, dereva wa lori akaleta barua kutoka Nyabibuye. Nestori akaisoma kwa sauti, mkewe akisikiliza. Generoza alikuwa mzima. Shamba lilikuwa zuri. Kwaya ya huko ilikuwa na nondo nne, naye alikuwa amewafundisha, sasa ina moja. Kisha Nestori akafika mstari wa mwisho, akaishusha barua.

"Soma," Konsesa akasema.

Nestori akaiinua tena.

"'Baba, usije ukafuta vigelegele. Kila jioni narudisha kaseti pale, nimsikie mama.'"

Konsesa akainuka, akawasha redio, na safari hii akauacha ubeti wa tatu upite mpaka mwisho.