Kazi Iliyochelewa Kufika Osiri

Kila siku, kijijini Osiri, Linet aliamka kabla ya jogoo. Alipika uji, akaufunika, kisha akawaamsha watoto. Filister alikuwa na miaka minane, Frankline mitatu. Baba yao, Cephas, alikuwa ameshaenda kuchimba dhahabu.

"Usimwache mtoto aende mashimoni," Linet alimwambia Filister.

"Sawa, mama. Na shule nitaenda lini?"

"Mwaka ujao."

Kisha alipanda pikapu hadi mjini Migori. Huko alishona sare za shule katika duka la Kultum, ambaye watu walimwita Mama Asmaa. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani nne. Hakuna fundi aliyemshinda Linet kwa kola nzuri.

Siku moja Linet alimwambia, "Mama Asmaa, nina cherehani nyumbani, aliniachia marehemu mama. Nipe vitambaa nishonee huko. Watoto wanakaa peke yao."

Kultum hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameshaibiwa. "Mama Filister, kazi nisiyoiona kwa macho si kazi. Na kitambaa changu kikipotea?"

"Hakitapotea."

"Wote husema hivyo."

Linet akarudi kwenye kiti chake.

Mvua za Aprili zikajaza mashimo ya zamani ya dhahabu. Filister alitoka kidogo tu kuchota maji. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi. Wachimbaji walimtoa Frankline shimoni akiwa ameshakufa. Habari zilimfikia Linet dukani, akitia vifungo kwenye shati la mtoto wa mtu mwingine.

Walimzika. Linet hakurudi dukani. Filister naye akawa bubu wa huzuni. Ukimwita, alishtuka kama mtu anayengoja kupigwa.

Huko Migori kazi iliharibika. Bathsheba, fundi kutoka Kehancha, alijifungua akabaki kwake. Shule zikarudisha mashati yenye kola zilizopinda. Ndipo Kultum akafunga safari kwenda Osiri. Alikuja na Marcella, afisa wa maendeleo ya jamii aliyeshauri watu wenye biashara ndogo.

"Pole sana, Mama Filister," Kultum alisema. "Nakuomba urudi. Mshahara nitauongeza."

"Na huyu nimwachie nani?" Linet aliuliza, akimshika Filister begani.

Marcella akamgeukia Kultum.

"Mama Asmaa, wewe unanunua nini? Mshono, au kumwona fundi ameketi?"

"Nanunua mshono. Lakini nitajuaje kama kazi ni nzuri?"

"Utakata vitambaa mwenyewe dukani. Kila fundi utampa fungu lake, na shati moja la mfano. Siku ya soko analeta. Unakagua kila mshono, unalipa kwa kila shati. Lililoharibika linafumuliwa."

"Na wizi?"

"Umempa vipande vya mashati kumi, akuletee mashati kumi. Chumba chako kinabeba mafundi wanne. Wakishonea kwao, unaweza kuwa na kumi bila kukodi chumba kingine. Na aliyejifungua humpotezi."

Linet alisema polepole, "Hayo ndiyo niliyoomba. Niliyaomba kabla ya mvua."

Kultum alijifunika uso kwa mtandio, akalia. "Nisamehe, mama."

Linet hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alimtazama Filister kwa muda mrefu.

"Leta vitambaa," alisema.

Kufikia Januari, Kultum alikuwa na mafundi tisa. Bathsheba alishonea Kehancha, mtoto akiwa amelala kando yake. Sare zilifika kabla ya shule kufunguliwa, na hakuna shule iliyorudisha hata shati moja. Mjini watu walimsifu Kultum kwa akili yake.

Filister alianza shule. Saa ya chakula alimkuta mama yake nyumbani. Siku moja alirudi akiimba wimbo wa darasani, na Linet akasimamisha cherehani ili asikie vizuri.

"Mos, pole sana, Linet, lakini Mungu amekukumbuka," jirani alimwambia. "Kazi imekufuata mpaka mlangoni."

Linet aliitikia kwa kichwa. Mwaka huo Frankline angeanza shule ya nasari. Fungu lililokuwa mbele yake lilikuwa la kaptula za nasari, ndogo kabisa, na hizo alizishona polepole kuliko nguo zote.