Kimya Katika Wimbo wa Krismasi

Mwaka ule redio kaseti zilikuwa zimejaa madukani Dodoma, na kila kwaya ilitaka kurekodi. Kwaya ya Yotham haikubaki nyuma. Ilifanya mazoezi kila jioni nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu.

Wimbo mmoja uliwasumbua. Ulikuwa wimbo wa Krismasi wa Kigogo, wa zamani sana. Emilia, mke wa Yotham, alifundishwa na marehemu mama yake. Kila mstari ulipoisha, waimbaji walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea.

"Watu watadhani tumesahau maneno," alisema Yotham. "Hicho kimya nakiondoa."

Emilia aliumia. "Baba Tumsifu, kaseti ikishasambaa, watoto wetu wataimba hivyo hivyo. Ngoja kwanza tujue kilitoka wapi."

"Haya, kaulize. Lakini Jumamosi tunarekodi."

Emilia akaenda kijiji cha Zuzu kwa Bibi Hana, aliyeimba na mama yake enzi hizo.

"Shikamoo, bibi. Eti pale kwenye kimya mlikuwa mnapumua?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiyo, tulikuwa tunapumua."

Emilia alirudi hajaridhika. Akamsimulia jirani yake Mwantum, afisa utamaduni kutoka Kondoa. Mwantum akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shoga, jibu umempelekea mwenyewe! Mzee wa watu atakukatalia? Mwombe aimbe kama zamani. Wewe nyamaza, tazama. Kisha uliza: nani aliwafundisha? Halafu tafuta mzee mwingine, usimwambie alichosema mwenzake. Chukua redio yangu, inarekodi."

Kesho yake Bibi Hana aliimba, kafumba macho. Mstari ulipoisha, viganja vyake vikapiga mapaja: ti-ti-pa! Mstari wa pili, vivyo hivyo.

"Bibi, mikono inafanya nini?"

Bibi Hana akaitazama mikono yake, akashangaa. "Kumbe bado inakumbuka! Hiyo ni muheme, ngoma yetu wanawake. Wimbo ulikuwa wa sherehe. Mama zetu wakautilia maneno ya kuzaliwa kwa Yesu. Ila kanisani kwetu ngoma zilikatazwa. Tukaiacha ngoma nje, lakini nafasi yake hatukuiziba."

"Nani alikuwa akipiga?"

"Hukujua? Mama yako."

Siku iliyofuata Emilia alikwenda kijiji cha Mtumba kwa Mzee Nikodemo, mwimbaji mwingine wa enzi hizo. Naye alipoimba, akagonga stuli palepale: ti-ti-pa!

Jumamosi asubuhi Yotham alisikiliza kanda yote, kisha akairudisha mwanzo. Akajikuna kichwa.

"Mama Tumsifu, kumbe nilikuwa namfuta mama mkwe wangu! Kamlete Bibi Hana."

Walirekodi siku hiyohiyo. Bibi Hana alikaa mbele, muheme katikati ya mapaja. Kwaya ikaimba mstari wa kwanza, ikanyamaza. Ngoma ikajibu.

Emilia alilia waziwazi. Yotham hakumkatisha. Kwenye kaseti ile, ukisikiliza vizuri, utamsikia.