Maneno ya Mama wa Upanga

"Nasikia ukumbi mzima ulikuwa unalia, mke wangu. Hukuona?"

"Niliona. Walikuwa wanalilia maneno yangu."

Mtafsiri wa filamu za mapigano akavua hedifoni. Kichumba chake cha kurekodia kilikuwa nyuma ya duka la filamu, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia kelele. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye ukumbi ambako filamu mpya ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, jasho linamtiririka.

"Rudisha nyuma. Pale anapomuua mumewe."

Akarudisha. Kwenye kioo mwanamke mpiganaji aliteleza chini ya upanga, akageuka kwa madaha, akamkata mume msaliti. Kisha akasimama tu. Hapo ikaingia sauti ya mtafsiri, ameibana iwe ya kike:

"Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Mwanetu akafia mikononi mwangu, hukuja. Usinishike!"

"Hayo nilikwambia wewe," mkewe akasema. "Kwenye korido ya hospitali, ulipokuja baada ya kumaliza kurekodi. Na huyu mama hakusema kitu! Tazama midomo. Mikono inatetemeka, basi. Si nilikwambia tangu uchumba kwamba utamu wa filamu hizi uko pale mapigano yanapokwisha? Kwamba hapo unyamaze, watu watazame?"

"Nilipomwona vile, nikakuona wewe. Yakanitoka tu."

Machozi yakamlenga mkewe. Bado alimpenda mpumbavu huyu, na hilo ndilo balaa lenyewe.

"Yafute, kabla nakala hazijasambazwa. Ukifuta, nakusamehe. Hata ile ya hospitali nakusamehe."

Mume akashika kipanya. Haki ya Mungu, alikishika. Simu ikaita, alikuwa msambazaji. Akaiweka spika.

"Mtaalamu! Watu wamechanganyikiwa huku! Yale maneno ya mama wa upanga umeyatoa wapi?"

Mtafsiri akamtazama mkewe.

"Nimetunga mwenyewe, bosi."

"Kipaji hicho! Basi usiguse kitu, naingiza sokoni leo leo."

"Sawa, bosi."

Akakiachia kipanya. Mkewe alikuwa ameshachukua mkoba.

"Mke wangu, ngoja kwanza, yule ni bosi, ningesema nini?"

"Si unatunga mwenyewe? Tunga na ya kumwambia mama yangu, atakapokuuliza kwa nini nimerudi kwake."