Kila Mtu Anajua Isipokuwa Rubani

Lifti ya jengo lile hubeba watu wanane, na mlangoni imeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Asubuhi ile waliingia tisa. Wa tisa alikuwa msaga lenzi wa duka la miwani la ghorofa ya nne, gauni la kijani kibichi, boksi la fremu kwapani, na haraka ya mtu aliyechelewa kazini. Lifti ikagoma.

"Dada wa kijani, shuka tafadhali," alisema mwanamume wa ovaroli aliyesimama nje na spana yake.

"Kwa nini mimi? Huyu baba hapa peke yake ni watu wawili!"

Watu waliangua kicheko, baba mwenyewe akiwemo. Fundi wa lifti alijaribu kununa, akashindwa. Alimbebea boksi, wakapanda ngazi pamoja, na kabla hawajafika ghorofa ya tatu wakawa wamegundua kwamba wote wawili wanafuatilia tamthilia ileile ya Jumapili, ile ya chombo cha anga kinachokwenda nyota ya mbali. Basi, mapenzi yakaanzia ngazini. Msaga lenzi akamwita mwenzake Fundi, naye akaitwa Miwani, na tangu siku hiyo kila Jumapili saa tisa alasiri walikaa sebuleni kwa dada yake Miwani, bega kwa bega, wakibishana na televisheni.

Mwaka mmoja na nusu wakaenda hivyo. Kisha ikaja ile sehemu ya njama.

Rubani wa chombo, mwanamke shupavu ambaye Miwani alimpenda kama ndugu, aligundua kwamba chombo chake kiligeuzwa miaka mitatu iliyopita. Hakiendi nyota yoyote. Kinarudi nyumbani! Mpishi anajua. Daktari anajua. Mtunza bustani, ambaye tangu tamthilia ianze hajatamka neno, naye anajua! Nyota zote anazoziona dirishani ni picha za uongo, na aliyezipanga ni mumewe, mhandisi.

Miwani alirusha mto ukutani.

"Upuuzi! Miaka mitatu mtu ameshika usukani wa bure? Na huyo mume analala naye kitanda kimoja, anamuuliza, 'Leo tumefika wapi, mpenzi?' Mwongo mkubwa!"

"Punguza sauti, laazizi, hawakusikii," alisema Fundi. "Halafu alimficha kwa sababu anampenda. Angemwambia, angeumia."

"Kwa hiyo sasa haumii?"

"Safari ilikuwa ya hatari. Aliamua kwa faida yake."

"Nani kamwambia aamue?"

Dada mtu, aliyekuwa akimimina chai, hakuweza kuvumilia. "Na wewe mdogo wangu huna shukrani. Mtu ameacha cheo kwa ajili yako, bado unamsema!"

Kwenye televisheni likaingia tangazo la sabuni.

"Cheo gani, dada?" Miwani aliuliza polepole. "Mhandisi hajaacha cheo chochote."

Dada akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vimejaa. Fundi akatazama soksi zake.

Ikabidi aseme. Miezi miwili nyuma kampuni ilitaka kumpeleka mji wa kaskazini, mwendo wa saa sita kwa basi, akawe mkuu wa karakana. Alikataa. Alijua Miwani hawezi kuacha kazi yake na dada yake, akaona asimsumbue.

"Ulijuaje kwamba siwezi?"

"Nilikufikiria."

"Ulinifikiria! Ukamuuliza nani?"

"Shemeji."

"Na nani mwingine?"

"Mama yangu." Fundi akakohoa. "Na mzee wa duka lenu, kidogo tu."

"Kidogo tu! Na mtunza bustani je?"

Miwani alivaa viatu vyake, kimoja akakosea mguu, akatoka. Alilia ngazini kwa hasira, na kilichomuuma hasa hakuna aliyekijua. Kila Jumatatu yeye ndiye aliyesaga na kufungasha miwani ya watu wa mji ule wa kaskazini, kwa sababu huko hapakuwa na mtu wa kusaga lenzi. Aliyajua macho ya mji mzima: mwalimu mkuu asiyeona karibu, mapacha wenye makengeza, bibi ambaye kila mwaka jicho lake la kushoto lilizidi kufifia. Mwaka mzima alikuwa akiota kupeleka mashine yake huko, awasubirishe saa moja badala ya wiki mbili. Alingoja tu apate mwenza wa kwenda naye. Kumbe alikuwa naye, na mwenza kageuza chombo bila kumwambia.

Wiki hiyo Miwani aliona njama kila mahali. Mzee wa duka alipomwambia, "Wewe hapa ni nyumbani," alimjibu kwa jicho. Lenzi mbili zilipasuka mikononi mwake. Fundi alimpigia simu siku mbili, hakupokea. Ya tatu akapokea ili tu agombe.

"Kipenzi, nisamehe."

"Umeshamwambia dada kwamba unaniomba msamaha?"

Fundi akajikohoza.

"Nimekuuliza."

"Alisema nipige jioni, ukishakula."

Akakata. Jamani, huyu mwanaume!

Lakini hasira ina kawaida ya kuchoka kabla ya mwenyewe. Usiku wa Jumatano swali moja lilimkaba: na yeye je, ndoto yake alimwambia nani? Hakumwambia mtu. Hilo halikumfutia Fundi kosa hata chembe, ila lilimwondolea usingizi.

Alhamisi mchana lifti ilizimwa kwa ukaguzi. Miwani alishuka hadi chini, akakuta mlango wazi na Fundi ndani ya shimo, grisi mpaka kwenye viwiko, tochi kichwani.

"Toka humo."

"Bado kamba moja."

"Toka, au nakwenda zangu."

Alitoka. Miwani akamkabidhi bahasha iliyo wazi. Ilikuwa barua kwa mzee wa duka, ya kuomba afungue tawi mji wa kaskazini, yeye akalisimamie. Fundi alisoma, akaacha alama nyeusi ya dole gumba kwenye kila ukurasa.

"Unataka kwenda huko? Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Sikukwambia, na hilo ni kosa langu. Lako ni kubwa zaidi."

"Amejibu nini?"

"Sijampa. Hajaiona yeye, hajaiona dada. Nimesema usome wewe kwanza."

Fundi akakaa kwenye kisanduku chake cha vifaa. "Ile nafasi wameshampa mwenzangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Nikienda sasa, yeye ndiye atakayeniambia nianze na lifti ipi."

"Inauma?"

"Inauma sana."

"Basi sema hapana. Nitanuna, nitapona. Lakini uniambie mimi."

Fundi alisoma barua mara ya pili. Mwishowe akaikunja kwa uangalifu, akairudisha. "Mpelekee. Mwambie na mumeo anakuja."

"Mume gani?"

"Nilitaka nikuulize. Utaolewa na mimi?"

Miwani alimkazia macho. "Dada anajua kwamba unaniuliza?"

"Hajui."

"Mama yako?"

"Hajui."

"Mzee wa duka?"

"Hata mimi nimejua sasa hivi!"

Miwani akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, akamshika mashavu bila kujali grisi. "Ndiyo," akasema. "Lakini usimwambie mtu."

Alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, vidole vyeusi, barua mkononi. Mzee wa duka akanyanyua uso. "Binti, mbona uso unang'aa? Kuna nini?" Papo hapo simu ikaita, dada. "Mdogo wangu, mmepatana? Niambie, kuna nini?"

Miwani alivuta kiti, akaketi, akajipangusa mikono taratibu.

"Hakuna kitu," akawajibu wote wawili.