Mkubwa Wao Alikaa Nyuma

Jua lilikuwa linaaga pale Shangazi Kiinimacho alipolifunga sanduku lake kwa mkanda na kusema, "Naenda. Sitachelewa."

Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa wao. Watu wazima walikuwa na jina jingine kwa ajili yake, la kunong'onezana, maana mwanamke anayejitoa leso za rangi mdomoni hadi zijae kapu hawezi kuwa mtu wa hivi hivi. Yeye aliwacheka. Uchawi wake wote ulikaa kwenye mifuko ya siri ya gauni lake na ndani ya kidole gumba cha plastiki.

"Watu gani hao wanaoita mazingaombwe jioni jioni?" aliuliza mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi.

"Watu wenye watoto, Mama. Watoto wana saa?"

Binti wa Shangazi, wa miaka saba, alikuwa amening'inia kwenye mpini wa sanduku. Walimwita Kidoti, kwa ile alama nyeusi, ndogo kama punje ya ufuta, iliyokaa chini ya jicho lake la kushoto.

"Leo utafanya kuku wa kwapani?"

"Nikithubutu."

"Basi usiinue mkono sana. Jana nilikuona."

"Jana uliniona kwa sababu wewe ndiye mchawi wa nyumba hii."

Kidoti akacheka. Kicheko chake kiliishia na kwikwi, kama mtu aliyemeza hewa kwa pupa.

Kuku wa kwapani lilikuwa jina alilobuni Kidoti mwenyewe. Yai linatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko unageuzwa nje ndani, yai halipo. Liko wapi? Shangazi alikuwa bado hajauonyesha mchezo huo mahali popote. Aliufanyia mazoezi chumbani, mlango umefungwa, na mtazamaji wake alikuwa mmoja tu.

Njiani alizipanga hila zake kichwani. Mwanamke aliyempigia simu alikuwa amesema, kwa sauti ya taratibu: "Watoto wangu hawalingani. Yupo anayetambaa, yupo anayesoma. Nataka wote wafurahi." Mtihani wenyewe ulikuwa hapo. Mtoto mdogo huangalia kitu. Mkubwa huangalia mkono. Ukimchekesha mdogo, mkubwa anapiga miayo. Ukimshangaza mkubwa, mdogo anaomba kwenda chooni. Dawa yake ni kuwakalisha wadogo mbele na wakubwa nyuma, kisha kupokezana: mpira unaotoweka kwa hawa, fundo linalojifungua kwa wale.

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara, baada ya duka la vyuma lililokwisha kufungwa. Hakubisha hodi. Mlango ulifunguka kabla.

"Karibu, mwanangu. Wamekusubiri sana."

Mwanamke yule alikuwa mnene, mwenye uso usio na umri. Ndani kulinukia poda ya watoto na nguo zilizopigwa pasi sasa hivi. Ukumbini, viatu vilipangwa ukutani kuanzia vidogo vya kufuma hadi vikubwa vya shule. Jozi moja ilimsimamisha: vyekundu, na kipepeo kwenye kifungo. Kidoti alikuwa navyo kama hivyo. Vilipombana, Shangazi alivigawa.

Kiwanda hakikutengeneza jozi moja, alijiambia. Akapita.

Umeme ulikuwa umekatika. Sebuleni kulikuwa na taa moja ya chemli juu ya kabati, nyuma ya mahali alipotakiwa kusimama.

"Mama, taa hiyo ingehamia huku, ili niwaone."

"Wao wanakuona. Inatosha."

Aliona vichwa tu, vyeusi kwenye giza jepesi. Mbele kabisa kimoja kilichokuwa karibu na sakafu. Nyuma yake kingine, kikubwa kidogo. Kisha kingine. Vilipanda kama ngazi mpaka ukutani. Hakuna aliyewapanga, wala hakuna aliyegombea nafasi.

Na kimya kile… Shangazi alikuwa anakijua kimya cha watoto. Kina makamasi yanayovutwa, kina kiti kinachokwaruza, kina mmoja anayeuliza "bado?" Hiki hakikuwa na kitu.

Alianza na mpira wa sponji. Ukawa mmoja, ukawa miwili, ukatoweka. Hakuna aliyeufuata mpira. Alipofungua kamba kwa pumzi tu, hakuna aliyeangalia mkono. Macho yale, yaliyometa kwa mwanga mdogo wa taa, yalikuwa yametulia mahali pamoja.

Usoni kwake.

"Jamani," alisema kwa utani, "nina kitu puani?"

Wakacheka.

Wote kwa pamoja. Chembamba cha mtoto mchanga, kinene cha mkubwa. Na kila kicheko kikaishia na kwikwi.

Mikono yake ikapoteza utaratibu. Mikono iliyopotea hukimbilia inachokijua zaidi, na yake ikaingia sandukuni, ikatoka na yai na mfuko wa kitambaa. Hakuwa amepanga. Alilitia yai, akageuza mfuko, akawaonyesha utupu wake.

"Haya. Liko wapi?"

"Kuku wa kwapani!"

Chumba kizima. Asiyejua kusema alipiga makofi.

Yai likamdondoka, likapasuka miguuni pake. Hakuna aliyecheka.

Labda ni mchezo unaojulikana, alijisemea. Labda watoto wote wa dunia hii huuita hivyo. Mtu anayezama hushika hata povu.

"Nataka… nataka msaidizi," alisema. "Wewe mdogo, njoo."

Alikuja mmoja wa kama miaka mitatu, kwa hatua za upande upande, akaingia kwenye mwanga wa taa. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na punje ya ufuta.

"Na wewe. Njoo."

Huyu alikuwa wa kama miaka mitano. Punje ileile. Na kwenye kiwiko alikuwa na kovu lililong'aa, lenye umbo la ncha ya pasi.

Ndugu hufanana, ndiyo. Lakini ndugu hawarithishani kovu. Shangazi aliikumbuka siku ya kovu lile: alikuwa amegeuka kuchukua shati jingine, akasikia ukelele. Kidoti alikuwa na miaka minne.

Aliushika mkono wa yule mdogo, akautazama kiwiko. Kilikuwa laini. Huyu alikuwa bado hajaungua.

Alikwenda kabatini. Akaichukua taa. Akainyanyua.

Kidoti aliyetambaa, mate kidevuni. Kidoti aliyenyolewa nywele baada ya ile homa. Kidoti wa viatu vyekundu, sasa peku. Kidoti mwenye kovu ambalo bado lilikuwa jekundu. Kidoti wa jioni hii, aliyemwacha mlangoni, mwenye pengo la meno mawili ya mbele.

Alitaka kuishia hapo.

Lakini nyuma ya huyo, ukutani, alikaa mwingine. Alimzidi mwenzake kwa urefu wa vidole vichache. Alikuwa ametabasamu. Pale penye pengo palikuwa na meno mapya, makubwa kuliko uso wake, yenye ncha ndogo ndogo kama msumeno.

Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

"Mama," Shangazi alinong'ona. "Hawa ni akina nani?"

"Mtoto akikua, yule wa jana mnadhani huenda wapi?" Mwanamke yule alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono tumboni, mpole kama mwalimu wa chekechea. "Mnasema ameisha. Mnagawa nguo zake. Hapa wanalelewa. Ila huulizia mama zao, nami sina moyo wa chuma. Mara moja moja huwaitia."

"Na yule wa nyuma? Yule… bado. Yule hajafika."

"Ndiye mkubwa wao."

"Yuko wapi anayemfuata?"

Mwanamke alimtazama kwa huruma.

Alipita katikati yao. Vidole vidogo vilimgusa gauni, vya moto, vya mtoto hasa. Akapiga magoti ukutani. Meno yalikuwa yamechomoza karibu yote. Imebaki miezi tu, aliwaza. Haufiki hata mwaka.

"Ilikuwaje, mwanangu?"

Mkubwa yule alimsogezea mdomo sikioni. Pumzi yake haikuwa na joto.

"Haikuuma, mama. Nilikuita tu."

"Nilikuwa wapi?"

Mtoto akafikiri. "Karibu," alisema.

Shangazi hakukumbuka alivyotoka. Alikumbuka kwamba sanduku lilibaki, na kwamba yule anayetambaa alimfuata ukumbini, viganja vikipiga sakafu, pa, pa, pa, huku akilia kilio ambacho matiti yake yaliyokauka miaka mingi yaliitikia kwa maumivu. Hakugeuka. Hilo nalo alilikumbuka.

Nje kulikuwa bado na mwanga mwekundu wa jioni. Mtaani kwao umeme ulikuwa unawaka. Kidoti alikuwa barazani na wenzake, wakiruka mistari ya chaki.

"Mama! Mbona umerudi mapema?"

Alimpita, akaingia jikoni, akashika kizingiti.

Bibi alikuwa anakata vitunguu. Alimtazama mikono, akaona haikubeba kitu. Akamtazama uso. Kisu kikatulia.

"Walikuwa wengi?" Bibi aliuliza.

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Hakujiuliza kwa nini mama yake anauliza hivyo. Hilo lilimjia baadaye kidogo, kama baridi inayopanda kutoka sakafuni.

"Mkubwa wao… ni wa kiasi gani?"

Aliinua kiganja, akakilaza hewani. Dirishani, Kidoti aliruka na kutua. Bibi akapima kwa macho toka utosi wa mjukuu wake hadi kiganja cha binti yake. Palikuwa padogo.

Akakaa chini, taratibu, kama mtu anayeteremshwa kwa kamba.

"Mimi niliitwa kushona," alisema. "Nikaambiwa ni sare, watoto hawalingani, niende na utepe wangu. Nilimpima kaka yako toka wa kubebwa mpaka…" Kaka huyo alikuwa amekufa Shangazi angali mchanga. Nyumbani hawakuwa wakimzungumzia.

"Ulifanya nini, Mama?"

"Nilimfungia ndani. Nilimnyima maji ya mto, nikamnyima miti ya kupanda, nikamnyima shule na wenzake. Nikalala naye, mkono wangu juu ya kifua chake. Alinichukia, mwanangu. Mpaka siku ile alikuwa ananichukia. Na siku ile nilikuwa chumba cha pili, natunga uzi kwenye sindano."

"Kwa hiyo niache tu?"

"Sijasema hivyo."

"Sasa unasema nini?"

"Nasema nilivyofanya. Dawa ningekuwa nayo, ningekuwa na mwana wa kiume."

Huko nje mtoto mmoja alihesabu kwa kuimba, mwingine akabisha, wote wakaangua kicheko. Shangazi alikisikiliza kicheko cha mwanawe hadi mwisho wake. Kisha akatoka barazani, akamshika Kidoti mkono, akamvuta ndani.

"Mama, zamu yangu ilikuwa inafika! Mama!"

Akafunga mlango. Akazungusha ufunguo, akautia kifuani. Akayafunga madirisha, moja baada ya jingine, mpaka nyumba ikawa na joto la chungu. Kidoti alisimama katikati ya chumba akilia kwa hasira, akiuliza kosa lake ni nini. Nje wenzake walimwita mara mbili tatu, wakachoka, wakaendelea bila yeye.

Shangazi alimtazama mama yake, akisubiri kukatazwa.

Bibi hakumkataza. Aliburuta kigoda chake toka jikoni hadi mlangoni, akakikalia, mgongo kwenye ubao. Kisha akasogea pembeni kidogo, akamwachia binti yake nafasi.