Kigari cha Harub na Kijiti cha Wanja

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Bibi Shaikha alitupanga kwenye mkeka kutupaka wanja. Alianza na kaka yangu Harub, kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye kipenzi chake, na asiyependa shauri yake. Halafu mimi, Kheiria. Halafu mdogo wetu Majid, ambaye alianza kulia kabla hajaguswa. Mwisho Bibi alijipaka mwenyewe.

Kichupa cha wanja kilikuwa cha fedha, na kijiti chake cha fedha vilevile. Tulipotoka Unguja mwaka 1964, Bibi aliacha nyumba, minazi na kaburi la babu. Kichupa hicho alikuja nacho, kimefungwa kwenye pindo la kanga.

"Wanja sunna," alisema, "na tena dawa ya macho. Tulia we, nisije nikakutoboa!"

Tulikaa Matrah, mji wa bandari ng'ambo ya bahari. Baba alikuwa kazini Kuwait, na nyumba ikabaki mikononi mwa Mama, Bibi na Ami Marhoon, mdogo wake Baba. Ami alikuwa fundi wa magari kwenye kambi ya kampuni ya mafuta. Huko kambini watoto wa Wazungu walishindana kwa vigari vya injini, mtoto mmoja ndani ya kila kigari, kofia ngumu kichwani. Mwaka 1969, Harub akiwa na miaka kumi na miwili, mkuu wa karakana alimwambia Ami kwamba hata watoto wa wafanyakazi wataruhusiwa, mradi waje na kigari kizima na wajue kukiendesha. Ami alirudi nyumbani anacheka peke yake njia nzima.

Kigari alikiunda kwa vitu vilivyotupwa: injini ya pampu ya maji, magurudumu ya toroli, mwili wa bati la pipa. Harub alikipaka rangi ya kijani, na nusu ya rangi akajipaka mwenyewe. Usiku alilala na ile kofia ngumu. Si utani, Mama alimvua akiwa usingizini.

Kigari kilipokwisha, Harub akadhani siku hiyohiyo ataendesha. Thubutu! Kwanza Ami alimfanya aoshe kila nati. Halafu alimkalisha ndani, injini imezimwa, sisi tukamsukuma, naye kazi yake ikawa kukanyaga breki tu.

"Mwenye kujua kwenda asijue kusimama si dereva," Ami alimwambia. "Huyo ni jiwe."

Siku hizi Ruwi ni mabenki na maduka. Wakati ule ilikuwa uwanda wa changarawe, na huko ndiko tulikokwenda kila Ijumaa alasiri kujifunza. Kazi yangu ilikuwa bendera. Nilisimama mbali, kando ya pipa bovu, na kipande cha kanga nyekundu ya Mama kwenye fimbo. Nikikinyanyua, Harub asimame. Naye alisimama vizuri kila mara. Ami akawa anajisifu kwa jirani zetu wote mpaka wakatukimbia.

Ijumaa moja, wiki moja kabla ya mashindano, Ami aliniambia nisogee mbele, nisimame kabla ya pipa. "Kambini bendera haikai pahala pamoja," alisema. Nikasogea. Harub akaja, kigari kinanguruma, vumbi nyuma yake. Nikanyanyua bendera. Akaja tu. Nikaipunga kwa mikono miwili. Akaja tu! Nilipiga ukelele, na hapo ndipo alipokata usukani. Kigari kilinipita karibu sana, kikagonga pipa, kikazimika.

Ami alikuja mbio amebadilika uso. Harub alikuwa ameshatoka, anajifikicha macho.

"Vumbi, Ami," alisema. "Vumbi limeniingia."

Ami aliamini. Mimi sikuamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele yake, na vumbi lote lilikuwa nyuma.

Tulipofika nyumbani nilimvuta uani. "Harub, uliniona?"

Akaanza kujikung'uta vumbi.

"Uliniona au hukuniona?"

"Nnaliona pipa," alisema polepole. "Pipa ni kubwa na jeusi. Nilikuwa nikisimama kwa pipa. Wewe sikukuona siku hata moja."

Jamani! Wiki zote zile nilijiona mtu wa maana na bendera yangu! Aliniambia macho yanamwasha tangu msimu wa tende, asubuhi yameganda matongo, na jicho la kulia kama anatazama kupitia kitambaa kibichi. Wekundu hatukuuona, kwa kuwa wanja uliuficha.

"Usiseme, Kheiria. Wakijua hawanipandishi. Wiki moja tu, nishindane mara moja, kisha nitasema mwenyewe. Nnakuomba."

Harub hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mtu wa kuamrisha. Kwa ajili hiyo niliumia zaidi, na wiki nzima nilibeba neno lile, sikula vizuri, sikulala vizuri. Kila nikitaka kusema, namwona anafuta kigari chake kwa kitambaa, anazungumza nacho kama mtu anazungumza na mbuzi wake.

Ijumaa ya mashindano ikafika. Kambini palikuwa na vigari vimepangwa, na watoto wadogo wa Kizungu wamekaa kando ya njia, miguu yao imenyooka mpaka karibu na mstari wa chokaa. Niliitazama ile miguu. Harub alikuwa ameshavaa kofia.

Nikamshika Ami mkono. "Ami, Harub haoni."

Ami aliniangalia, kisha akamwangalia Harub. Hakupiga kelele. Alikwenda hatua kadhaa mbele, akageuka, akanyanyua mkono wake juu.

"Harub, mwanangu. Bendera gani hii?"

Harub alikaza macho. Alinyoosha shingo.

"Nyekundu, Ami."

Mkono wa Ami ulikuwa mtupu.

Ami alirudi taratibu, akamfungua Harub kamba ya kofia. Kaka yangu alilia pale mbele ya watu wote, na mimi nililia, na vigari vya wenzake vikaondoka. Njia nzima ya kurudi Matrah hakunitazama. Alisema neno moja tu, "Msaliti." Neno lile liliniuma, na mpaka leo nikilikumbuka linaniuma.

Siku iliyofuata Mama alimpeleka hospitali, na Bibi akashika njia pamoja nasi. Muuguzi alikuwa Bi Mahfoudha, naye ametoka Unguja, basi Bibi alifurahi kumpata wa kusema naye. Bi Mahfoudha alimgeuza Harub ukope wa juu, akatazama ndani.

"Hivi ni vikope," alisema. "Ugonjwa wa kuambukizana. Ndani ya ukope mnaota vipele, vikipona vinaacha makovu, na makovu yanazikunja kope kuingia ndani. Sasa kila akipepesa, kope zinamkwaruza jicho. Mnamtia nini machoni?"

"Wanja," alijibu Bibi kwa fahari, akatoa kichupa chake. "Kila asubuhi. Sikosi hata siku moja."

"Na kijiti?"

"Hiki hiki."

"Nyote kimoja?"

"Nyote, mwanangu. Sisi damu moja, si wageni hata kila mtu awe na kijiti chake."

Bi Mahfoudha alinawa mikono. "Bibi, niruhusu nikutazame na wewe." Alimgeuza Bibi ukope. Bibi alikuwa na macho ya kutoa machozi tangu zamani, nasi tulidhani ni uzee na majonzi ya Unguja. Bi Mahfoudha akasema kwa upole kwamba Bibi anavyo vikope vya miaka mingi, na kijiti kikitoka jicho moja kikaingia jingine, kinachukua ugonjwa.

Bibi alikitazama kile kijiti mkononi mwake. "Mimi?" alisema. "Nimempa mimi?"

Alikaa chini sakafuni, Bibi yetu ambaye hata bandarini Unguja hakukaa chini mbele za watu.

Tulipewa dawa ya kupaka, nyumba nzima. Majid na mimi tulipona upesi. Harub alifanyiwa operesheni ndogo ya kope. Jicho la kushoto likasafika, alhamdulillahi. La kulia lilikuwa limeshapata kovu, na nuru yake haikurudi. Kambini walimwambia Ami wazi kwamba mtoto wa jicho moja hawawezi kumruhusu njiani.

Harub hakulia tena. Siku moja alinikuta uani, akanitupia ile kofia ngumu.

"Ivae. Kigari kitaoza."

"Mimi mtoto wa kike."

"Wewe unaona," alisema. Kisha, akiangalia chini: "Ungenyamaza, ningeua mtoto wa mtu. Nisamehe."

Mama alisita, Ami akajikuna kichwa. Bibi ndiye aliyeamua. "Mwacheni aendeshe," alisema, "nami nakwenda kumtazama."

Ijumaa iliyofuata, Ami akiwa ameshanifundisha breki, Bibi alikuja Ruwi kwa mara ya kwanza. Harub alisimama mbali na kanga nyekundu ya Mama. Nikaondoka na kigari. Aliponyanyua, nilikanyaga breki, kigari kikasimama mbele yake.

"Umeiona?" aliuliza.

"Nimeiona," nikasema, na machozi yakanitoka.

Tuliporudi, Bibi alitukalisha kwenye mkeka wa asubuhi. Palikuwa na sabuni, birika la maji, na vitambaa, kila mmoja na chake. Kichupa cha fedha hakikuwepo. Alimnawisha Harub kwanza kama zamani, na alipofika jicho la kulia mkono wake ulisimama.

"Sikilizeni wanangu," alisema. "Nilikupendeni sana nikadhani mapenzi yanatosha. Hayatoshi. Kitu cha jicho hakichangiwi, hata na ndugu wa tumbo moja. Na wewe Harub, na nyinyi nyote, mwili ukikuumeni semeni siku ileile, msingoje mashindano wala sikukuu. Ungeniambia jicho linawasha, baba, leo ungekuwa unaniona kwa macho mawili."

"Nnakuona, Bibi," Harub alisema.

Bibi akamkausha uso kwa kitambaa chake mwenyewe Harub, kisha akaniita mimi.