Tunarudisha Kila Kitu Kilivyokuwa

Asubuhi ya kwanza ilikuwa sufuria tu. Mirela aliamka kupasha maziwa ya mtoto, akaikuta sufuria ya ugali imetundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, pale mama mkwe wake alipokuwa akiitundika miaka yote. Mirela mwenyewe alikuwa ameiondoa hapo baada ya mazishi na kuiweka kwenye rafu ya chini, kwa sababu kila akipita ilimgonga kichwani.

"Doru, umeirudisha wewe hii sufuria?"

"Sufuria ipi?" Mumewe alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta, chai inapoa mkononi. "Mimi nina mgonjwa wangu hapa. Sasisho limekataa tena."

Kwenye skrini ya buluu palikuwa na maandishi meupe: Sasisho limeshindikana. Tunarudisha kila kitu kilivyokuwa. Usizime kompyuta.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mirela. Aliingiza hesabu za ghala moja la dawa la mji wa Iași akiwa nyumbani, mtoto akicheza miguuni pake, na wenye ghala walikuwa wametangaza kwamba kuanzia Pasaka kompyuta isiyosasishwa haitaruhusiwa kuingia. Basi yeye na Doru waliiagiza ijisasishe, na ikikataa waliiagiza tena. Kila mara ilianza vizuri. Ilijizima, ikajiwasha, namba ikapanda mpaka karibu na theluthi, kisha ikasimama, feni ikakohoa ndani kwa ndani, ikarudi nyuma.

Mirela aliishusha sufuria, akairudisha rafuni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alidhani Doru anamkumbuka mama yake na anaona aibu kusema.

Mama huyo, Paraschiva, alikuwa amefariki mwanzoni mwa baridi katika chumba kidogo cha nyumba hiyohiyo ya ghorofa ya tatu. Hakuwa mtu mbaya. Alimlea Doru peke yake, na hakuwahi kutupa hata kombo la mkate. Kila baada ya chakula aliyakusanya makombo kwa ubavu wa kiganja, taratibu, akayamimina katika kiganja cha pili, akayabusu, akayala. Hakumpenda Mirela wala hakumchukia. Alipenda vitu vikae mahali pake, na Mirela alikuwa kitu kilichoingia baadaye.

Sasisho lilipokataa mara nyingine, mapazia mapya ya njano hayakuwepo dirishani. Yalikuwa kabatini, yamekunjwa, na dirishani yalining'inia yale ya zamani ya kahawia, ambayo Mirela alikumbuka vizuri kwamba aliyachana akafanya matambara ya kufutia sakafu.

"Uliyashona lini?" Doru aliuliza.

"Sijayashona."

"Basi yamejishona," alisema, akajaribu kucheka. Kicheko hakikufika mbali. Sebuleni palikuwa na harufu ya kafuri na mrehani mkavu, dawa ambayo mama yake alijipaka magotini.

Jioni hiyo Anca, binti yao, aliacha kutembea. Asubuhi alikuwa amekimbia kutoka jikoni hadi mlangoni akicheka, na sasa kila Mirela alipomsimamisha magoti yake yalilegea, akakaa chini, akaanza kutambaa. Daktari alimpima akasema watoto wengine hurudi nyuma kidogo wakiwa na msiba nyumbani, wasiwe na hofu. Mirela aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumwambia kuhusu mapazia, akamvalisha mtoto koti badala yake.

Siku iliyofuata kompyuta ilijisasisha yenyewe, bila kuagizwa, wakati Mirela akimenya viazi. Aliisikia ikijizima. Aliisikia feni ikikohoa. Alipomchukua mtoto kumnyonyesha, hakuyasikia yale meno madogo aliyozoea kuyaogopa. Alimwingizia kidole kinywani, akapapasa juu, akapapasa chini, na ufizi ulikuwa laini kila mahali kama wa mtoto aliyezaliwa juzi.

"Doru," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uweke kidole chako hapa."

Doru aliweka. Alikaa na kidole chake mle muda mrefu.

"Meno hayawezi kurudi ndani," alisema.

"Na mapazia je?"

Hapo Doru aling'oa plagi ukutani kwa hasira, akaibeba kompyuta mikononi mpaka kwa Relu, fundi mwenye kibanda nyuma ya soko, akamwachia. Usiku huo walilala. Asubuhi kompyuta ilikuwa mezani pake sebuleni, plagi ukutani, skrini inawaka, na simu ya Doru ilikuwa ikiita.

"Kaka Doru," Relu alisema, "mngebisha hodi basi. Mmekuja kuchukua mashine yenu usiku bila hata kuniaga, na kufuli langu mmelifunga vizuri kuliko mimi. Halafu kwangu ilijisasisha yote, haikusumbua hata kidogo. Labda umeme wa kwenu una kigugumizi."

Doru alikata simu. Kwenye skrini maandishi yalikuwa yaleyale. Tunarudisha kila kitu kilivyokuwa.

Mirela alisoma maneno hayo mara nyingi, midomo ikitikisika, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha aliinua macho ukutani. Picha ya harusi yao haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kalenda ya mwaka ambao yeye na Doru walikuwa hawajajuana.

"Inarudi nyuma," alisema. "Kila ikishindwa inarudi nyuma zaidi. Sufuria, mapazia, meno, harusi. Doru, nyuma ya hapo Anca hayupo."

Mirela aliingia bafuni, akajifungia, akainua nguo. Kovu la upasuaji wa kumzaa Anca, lililokuwa pana kama kamba ya kiatu, lilikuwa limebaki uzi mwembamba usioonekana vizuri.

Alishuka ngazi akiwa na mtoto kifuani mpaka kwa Shangazi Aglaia wa ghorofa ya chini. Aglaia hakuwa shangazi yao kwa damu. Alikuwa mjane anayeosha maiti za mtaa mzima na kusema ovyo, na ndiye aliyemwosha Paraschiva. Alimsikiliza Mirela mpaka mwisho huku akitafuna mbegu za alizeti, na hadithi ilipofika kwenye meno, aliacha kutafuna.

"Twende," alisema.

Walimkuta Doru amekaa mbele ya meza. Kompyuta ilikuwa imeanza tena, na walipoingia ilijizima ili ijiwashe. Skrini ikawa nyeusi tii. Ndani ya weusi ule sebule yote ilionekana, dirisha, taa, wao watatu, ila nyuma yao ilionekana meza ndefu iliyotandikwa shuka jeupe, ile waliyomlazia marehemu, na karibu na meza mwanamke mfupi akijifunga kitambaa cha kichwa bila haraka, kama mtu anayejiandaa kwenda sokoni. Mirela alijitazama mle. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani, imekumbatia kitu, na katikati ya mikono hapakuwa na kitu chochote. Aliinamisha kichwa kwa hofu, akamwona Anca, mzima, mzito, akimtazama.

Skrini ikawaka. Buluu.

"Umemwona?" Doru alinong'ona.

"Nimemwona, na mimi ndiye niliyemfumba macho," alisema Aglaia. Aliketi. "Siku ile nilifunika vioo vyote vya nyumba hii. Cha bafuni, cha kabatini, hata televisheni niliitupia taulo. Marehemu asijione. Akijiona hajui tena njia ya kutoka. Nikafika kwenye hii kompyuta yenu, nikasema nayo je? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Doru aliinamisha kichwa. "Nilisema usiiguse, inajisasisha."

"Ilikuwa inawaka buluu, nikaona haya, nikaiacha. Wewe Doru, tangu utoto wako unagusa usichoambiwa, na siku moja niliyotaka kugusa mimi, ukakataa." Alifuta mdomo. "Basi ikajizima yenyewe usiku, mbele yake, amelala pale mezani. Ikawa nyeusi. Akajiona."

"Anataka nini?" Mirela aliuliza.

"Hataki ubaya, mwanangu. Anataka kurudi nyumbani kwake. Na nyumba anayoijua haikuwa na wewe wala huyu mtoto."

Hakukuwa na muda wa kumtafuta padri. Aglaia alisema wafanye lililopaswa kufanywa siku ile. Doru alitoa kabatini kasha la nguo za mama yake, akatoa kitambaa chake cheusi cha kanisani. Walifunika kila kitu kinachorudisha uso wa mtu. Walifunika vioo, birika, mlango wa jiko la kuokea. Walishusha mapazia ya kahawia juu ya dirisha, wakaweka vijiko kwenye droo na simu chini ya mto. Aglaia alizunguka nyumba yote akiguna, akarudi akiwa ameridhika.

"Sasa iagize," alimwambia Doru. "Ikianza, tupia kitambaa. Na umuage. Hukumuaga, ulikuwa unakimbizana na karatasi za mazishi. Muage kwa mdomo."

Doru aliiagiza. Kisha akatandaza kitambaa juu ya skrini, na mwanga wa buluu ukabaki mstari mwembamba pembeni.

Feni ilianza polepole. Mirela alikaa kwenye kochi amempakata Anca, amemgeuzia uso kwake ili asiione ile mashine, na mtoto hakulia, alikuwa macho, ametulia kuliko alivyowahi kutulia. Mashine ilijizima, walijua kwa sababu ule mstari wa buluu ulikufa na chumba kikawa giza la jioni ya baridi, na harufu ya kafuri ikaja, kwanza kidogo kama mtu amepita mlangoni, kisha nyingi, ikaingia puani na kooni, na feni ikaanza kukohoa kile kikohozi walichokijua wote watatu, kikohozi kikavu cha alfajiri kutoka chumba kidogo, na kitambaa kikavutika kwa ndani katikati, kama kitambaa kilichofunika mdomo wa mtu anayevuta pumzi, kikaachia, kikavutika tena, huku Aglaia akisoma sala kwa haraka mpaka maneno yakawa hayatengani, na Doru akiwa amepiga magoti mbele ya meza akisema mama nenda, mama tutakuombea, mama nyumba iko salama, mama nenda usirudi, akilia vile ambavyo hakulia siku ya mazishi, na Mirela, ambaye hakuweza kutazama kitambaa wala hakuweza kufumba macho, alimtazama mtoto wake usoni, na ndani ya mboni za Anca, zilizokuwa kubwa na nyeusi kwa sababu ya giza, alijiona mwenyewe, mdogo, wazi kabisa, na nyuma ya bega lake mwanamke mfupi aliyevaa kitambaa.

Kikohozi kikakatika.

Mstari wa buluu ukarudi. Kompyuta ikalia mlio mmoja mwembamba wa furaha, ule inaoutoa mambo yakikamilika.

Doru alikivua kitambaa kwa ncha za vidole. Sasisho limekamilika. Karibu tena.

"Imepita," alisema. "Mirela, imepita." Alimkumbatia Aglaia, akamkumbatia mkewe na mtoto pamoja. Aglaia alijipangusa jasho, akasema sasa anadai kahawa, na isiwe ya unga ule mbaya wa dukani.

Harufu ya kafuri ilikuwa imeisha. Mirela alipokwenda kuoga alikuta kovu lake limerudi, pana, linawasha kidogo, akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea akalia kwa shukrani. Picha ya harusi ilikuwa ukutani. Asubuhi mapazia yalikuwa ya njano, na ufizini mwa Anca palikuwa na ncha nyeupe mbili, kali.

Walikunywa chai pamoja mezani, Doru akipiga soga kuhusu Relu na kufuli lake, na kwamba mabomba ya shule yamepasuka kwa baridi kwa hiyo yeye, fundi bomba, amepata kazi. Mirela alikuwa akitabasamu. Alimkalisha Anca kwenye kiti chake kirefu, akampa kipande laini cha mkate, akageuka kuchukua maziwa.

Aliporudi, mkate ulikuwa umekwisha. Mtoto alikuwa ameulaza mkono wake mdogo ubavu juu ya meza, na kwa ubavu huo alikuwa akiyasukuma makombo, taratibu, asiache hata moja, mpaka kwenye ukingo, ambako kiganja cha pili kilikuwa kikisubiri.

"Anca," Mirela aliita.

Mtoto hakugeuka. Aliinua kiganja chake, akayabusu makombo, akayala.

Doru alikuwa bado anazungumza na hakuona. Mirela alishika ukingo wa meza. Neno lilitoka kama pumzi tu.

"Mama?"

Hapo Anca aligeuza uso. Hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake, jikoni, kwenye rafu ya chini ilipokuwa sufuria ya ugali, kisha akatazama msumari mtupu kando ya mlango, akakunja paji la uso.